Jaketi la mtoto mchanga liko wapi kwenye mashua zetu?

Kwa Mhariri,

Mjukuu wangu ana miezi 11, na ninapoandika haya amelala chumba cha pili. Kesho kutwa yeye na mama yake wanapanda ndege kurudi Uingereza, nami sitaki waondoke kabla sijalisema hadharani jambo lililonikaa moyoni tangu tuliporudi kutoka kisiwani Mfangano. Ni kuhusu watoto wachanga na mashua zetu za Ziwa Victoria.

Itabidi nianzie mbali kidogo. Binti yangu ni muuguzi kule Southampton. Julai mwaka jana alinipigia simu akaniarifu kwamba yeye na mumewe wamelipia likizo ya meli, siku saba, kutoka Southampton hadi Norway na kurudi, na kwamba siku ya kung'oa nanga mtoto atakuwa ametimiza miezi saba. Nilimkatalia. Nilimuuliza, mtoto ambaye hata kukaa mwenyewe hajui, baharini anapelekwa kutafuta nini? Nami sikuwa nikisema kama nyanya tu. Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya akina mama na watoto kwa miaka 31 hapa Nyanza. Najua jinsi mtoto mdogo anayeharisha anavyoishiwa maji mwilini kati ya chakula cha mchana na cha jioni.

Binti yangu hakubishana. Alinieleza taratibu, jambo moja moja, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyonyamaza. Kwanza, kampuni nyingi za meli hizo hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi 6. Ikiwa meli inavuka bahari kuu, siku kadhaa bila kuona nchi kavu, hupandisha kiwango hadi miezi 12. Si ubaguzi. Ndani ya meli kuna daktari na wauguzi, lakini hakuna wodi ya watoto, wala huwezi kupewa rufaa ukiwa katikati ya maji. Homa ya mtoto wa miezi miwili ni dharura hata ukiwa mlangoni pa hospitali. Nilimwambia, hapo wamefikiri kama wauguzi.

Kitanda cha mtoto chenye vizuizi aliagiza mapema, akakikuta chumbani. Maziwa ya kopo na nepi alibeba za siku zote saba, na za akiba. Chumba kilikuwa na bafu la manyunyu tu, kwa hiyo mtoto alioga ndani ya sinki. Kwenye bwawa la kuogelea la watu wote hakuruhusiwa, kwa sababu mtoto wa nepi anaweza kuchafua maji wakaugua wengi.

Lakini alichonieleza kuhusu siku ya kwanza ndicho kilichonibadilisha mawazo. Kabla meli haijaondoka gatini, abiria wote walifanyishwa zoezi la dharura. King'ora kililia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu. Kila familia ilikwenda mahali pake pa kukusanyikia, na pale mhudumu mmoja akamtazama mjukuu wangu, akauliza kilo zake, akaleta jaketi la kuokoa maisha la ukubwa wake. Si la mama yake wala la mtoto wa miaka kumi. La kwake mwenyewe. Likawekwa chumbani mwao hadi mwisho wa safari.

Nilipouliza kama huo ni ukarimu wa kampuni hiyo, alinijibu, "Hapana, Mama, ni sheria." Kuna mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ambao mzizi wake ni kuzama kwa Titanic mwaka 1912, wa kwanza ulitiwa saini 1914 na umekuwa ukirekebishwa tangu hapo. Mkataba huo unamtambua mtoto mchanga kuwa ni yule aliye chini ya kilo 15, na kwa meli ya abiria inayosafiri saa 24 au zaidi unataka kuwe na jaketi la mtoto kwa kila mtoto mchanga aliyemo. Hata lile zoezi la kabla ya kuondoka lina historia yake. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na kulikuwa na mamia ya abiria waliopanda siku hiyo hiyo ambao bado hawakuwa wamefanyishwa zoezi lolote. Kuanzia 2015 kanuni inataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Basi walikwenda Norway na wakarudi salama. Picha ninayo: mtoto amevikwa sweta ya bluu, nyuma yake milima inashuka moja kwa moja hadi majini.

Desemba wakaja nyumbani, binti yangu na mtoto. Mkwe wangu alibaki kazini. Tukapanga kwenda Mfangano kwa wifi yangu, ambaye hakuwa amemwona mjukuu wa marehemu kaka yake. Tulitoka Kisumu alfajiri, tukapitia Bondo hadi Luanda K'Otieno. Kivuko cha asubuhi kilikuwa kimejaa magari ya watu wa Krismasi, tukangoja kingine. Tulipofika Mbita ilikuwa saa tisa alasiri inapita.

Anayelijua ziwa letu anajua saa hizo zina maana gani. Asubuhi maji hulala kama yamepigwa pasi. Baada ya adhuhuri upepo wa ziwani huamka, na alasiri mawimbi huanza kuonyesha meno. Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita mraba 68,800. Wanaoliita bwawa hawajawahi kulipanda saa kumi.

Mashua ya Mfangano ilikuwa ya mbao, ndefu, injini nyuma. Walikuwa wakipakia kreti za soda, mabati na magodoro mawili. Majaketi yalikuwepo, na nampongeza nahodha kwa hilo, kwa kuwa kila mtu mzima alipewa lake bila kuomba. La kwangu lilikuwa na kifungo kimoja kilichovunjika, mahali pake pamefungwa kamba ya manila. Nilipomaliza kujifunga, binti yangu alikuwa bado amesimama majini, maji yakimfika magotini, mtoto mkononi.

"La mtoto liko wapi?" aliuliza.

Yule kijana anayepokea nauli alimtazama kwa upole kabisa. "Dada, huyo ni mdogo. Mshike tu."

"Nimshike tu?"

"Hapa tunawashika hivyo siku zote."

Nilichukua jaketi la mtu mzima nikamvisha mjukuu wangu palepale, ili nione. Lilimfunika kuanzia masikioni hadi chini ya miguu. Nikaliinua kwa mabega yake, kama vile maji yatakavyoliinua, na mtoto akateleza akatokea chini, mikono juu. Mama yake alimdaka. Nililirudia jambo hilo mara ya pili, kamba zikiwa zimekazwa kadiri nilivyoweza. Aliteleza vilevile. Mtoto wa kilo tisa na nusu hana mabega ya kuzuia jaketi la mtu wa kilo themanini.

Nilipogeuka nikamwona mama mwingine, msichana hasa, tayari ameketi kwenye ubao wa tatu. Alikuwa amemfunga mwanawe mgongoni kwa leso, vizuri, fundo kifuani, na juu ya fundo amevaa jaketi lake. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebanwa mgongoni mwa mama. Kila mwanamke wa upande huu amebeba hivyo na amebebwa hivyo. Mimi nimewabeba wanangu wanne hivyo. Na ni pale, Mhariri, nikiwa na jaketi mkononi, nilipoelewa nini kingempata yule mtoto.

Naomba wasomaji wanisikilize kwa makini hapa. Jaketi zuri la kuokoa maisha huwekewa povu jingi upande wa kifua. Kazi yake ni kumgeuza mtu aliyeanguka majini alale chali, uso uelekee juu, apumue hata kama amezirai. Sasa mfikirie mama aliyefunga mtoto mgongoni. Jaketi linafanya kazi yake barabara, linamgeuza mama chali, na mtoto aliye mgongoni anakuwa chini ya maji, amefungwa, na uzito wa mama uko juu yake. Fundo la leso liko chini ya jaketi. Mama hawezi kulifikia bila kwanza kuvua kile kinachomwelesha.

Wale wanaotumia vibebeo vya kisasa vya vifungo, mtoto kifuani, wasijione wamesalimika. Mtoto akiwa kifuani hulizuia jaketi la mama kukaa sawasawa, na vifungo vile havifunguki kirahisi mtu akiwa anatapatapa majini. Ndani ya mashua mtoto hafungwi kwa mtu. Anavalishwa jaketi lake na anapakatwa mikononi, ili likitokea la kutokea aelee mwenyewe.

Tuliteremka. Nilimwambia yule msichana ateremke nasi, nikamweleza nilivyoweza kwa haraka huku injini inawashwa, lakini nauli alikuwa ameshalipa na kwao walikuwa wakimngoja. Alifungua leso akamshika mtoto mikononi. Ndilo lililowezekana. Mashua ikaondoka, nasi tukatafuta pa kulala Mbita. Sikulala. Kila upepo ulipogonga mabati nilimwona yule mtoto na shavu lake.

Nilikumbuka MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu. Nilikumbuka MV Nyerere, iliyopinduka Septemba 2018 karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, watu wanaiona nchi kavu, wakafa 228. Kivuko hicho kilitengenezwa kubeba watu wapatao mia moja. Nilikumbuka pia marehemu baba yangu akinisimulia fahari ya meli za zamani, MV Victoria iliyoletwa vipande vipande kutoka Uskoti ikaunganishwa hapahapa Kisumu na kuanza safari zake mwaka 1961, na jinsi familia zilivyokuwa zikizunguka nayo ziwa zima. Watu wa hapa si wageni wa likizo ya majini. Siku hizi vijana wanatoka Nairobi na Eldoret na watoto wao kwenda kisiwa cha Takawiri kupiga picha kwenye mchanga mweupe, na Dunga kila Jumapili naona akina mama wanaingia mashua za matembezi na watoto wa nepi. Likizo zimerudi ziwani. Majaketi ya watoto hayajarudi nazo.

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, simu yangu ililia. Alikuwa yule nahodha. Nilikuwa nimemwachia nambari bila kutarajia kitu. Alikuwa amepiga simu huku na kule usiku ule aliporudi, akapata jaketi moja dogo kwenye mashua ya hoteli fulani ya upande wa Rusinga, na alikuwa amelifuata kwa pikipiki. Jaketi lenyewe ni la manjano. Lina kola pana nyuma ya shingo, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kizito kuliko mwili wake na bila kola huinamia majini. Lina ukanda unaopita katikati ya miguu, ili lisivuke kichwani. Na kwenye kola lina mshikio wa utepe mgumu, wa kumnyakua mtoto kutoka majini kwa mkono mmoja. Ndani limeandikwa kiasi cha uzito. Nililivuta kwa mabega kama jana, na mjukuu wangu akaja nalo, analia kwa hasira. Alilia hadi tukatoka nje ya ghuba, kisha akalala. Ziwa lilikuwa shwari.

Nahodha yule alikuwa na umri wa mwanangu wa pili. Njiani aliniambia, "Mama, tangu nianze kazi hii hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza jaketi la mtoto. Mngeuliza tungenunua." Sikuwa na jibu la kumpa.

Mfangano tulikaa siku tano. Wifi yangu alitaka tumshushe mtoto ziwani aguse maji ya babu yake, nikamwomba anisamehe: maji ya ufuoni yana konokono wanaoeneza kichocho, na ngozi ya mtoto ni ileile ya mtu mzima ila laini zaidi. Tulimwogesha kwenye beseni, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Alilala ndani ya neti mchana na usiku, na dawa yake ya kuzuia malaria alikuwa ameanza kupewa kabla ya kutoka Uingereza, kwa kipimo cha uzito wake. Watoto wetu wa huku wana bahati ya chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini Septemba 2019, dozi ya kwanza ikiwa ni ya miezi 6. Yeye hakuwa nayo. Wageni mnaokuja na watoto, pitieni kliniki wiki kadhaa kabla, si siku ya safari.

Siku ya tatu nilikutana na yule msichana sokoni Sena. Mtoto alikuwa mgongoni, mzima, anakula ndizi. Nilimkumbatia hadi akashangaa. Tulikaa kwenye kivuli nikamweleza tena, bila haraka safari hii, nikitumia chupa tupu ya maji na kitambaa kumwonyesha jinsi kitu kinavyogeuka. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba kliniki alihudhuria mara zote, kabla na baada ya kujifungua, na hakuna aliyewahi kumwambia hilo.

Hayo ndiyo yananiuma. Miaka 31 nimewafundisha akina mama kunyonyesha, kutumia neti, kuchanganya maji ya chumvi na sukari, kumpeleka mtoto chanjo ya surua akifika miezi tisa. Wengi walikuwa wanatoka visiwani na walifika kwangu kwa mashua, watoto wamefungwa mgongoni. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja amevukaje. Nilimpima mtoto, nikaandika kilo kwenye kitabu, nikamrudisha ziwani.

Kwa hiyo naomba haya. Wenye mashua za abiria na za matembezi wawe na majaketi ya watoto wachanga, angalau mawili kwa kila mashua. Kama ni gharama, basi kila ufuo, kupitia kamati yake ya usimamizi wa ufuo (BMU), uwe na sanduku moja la majaketi ya watoto ya kuazimwa na kurudishwa. Nahodha mmoja na pikipiki moja waliweza kupata moja kwa usiku mmoja. Wakaguzi wanaohesabu majaketi ya watu wazima wahesabu na haya, na wayavute kwa mabega kama nilivyofanya. Waendeshaji wa matembezi waseme wazi kabla ya kupokea nauli kama wana jaketi la mtoto au hawana, ili mzazi aamue akiwa bado nchi kavu. Na wauguzi wenzangu mlio kazini Mbita, Usenge, Port Victoria, Muhuru na kote ziwani, ongezeni swali moja mnapompima mtoto: umekuja kwa njia gani?

Kwa wazazi wenzangu: safirini na watoto wenu, wala msiogope. Nami nilikosea kumkataza binti yangu. Safirini asubuhi, mbebe kofia na kivuli, mtoto akinyonya mnyonyesheni. Lakini ulizeni jaketi lake, na mkiambiwa mshikeni tu, teremkeni.

Lile la manjano tulilirudisha kwa mwenyewe. Binti yangu ameagiza mengine mawili, yatafika kwa posta, na nimeshakubaliana na nahodha kwamba nitayapeleka Mbita mwenyewe. Anasema atayaning'iniza mbele ya mashua, mahali ambapo mama akiingia atayaona.

Muuguzi mstaafu,
Mamboleo, Kisumu